Nyanya Isiyo na Sanadi

Anayehamia Voi kikazi, awe mwalimu, muuguzi wa hospitali ya rufaa au karani wa stesheni ya reli, hujikuta tangu siku ya kwanza akiwaamini watu asiowajua. Maji atayachemsha. Nyama ina mhuri wa mkaguzi, na maziwa ya pakiti yana tarehe. Mboga hazina chochote. Kule alikotoka alijua mchicha ni wa shamba la nani, na kama haukuwa wa jirani, jirani alimjua mwenyewe. Sasa yuko mbele ya meza ya mama mboga, nyanya zimepangwa mafungu, ngumu, zinang'aa, na swali linamtoka: hizi zimepigwa dawa? Jibu analijua kabla halijatamkwa, maana ni nadra mchuuzi kuikashifu bidhaa yake. Wengi wanaosaka chakula cha kilimo hai katika mji mgeni hulichukulia jambo hili kuwa upungufu wa habari: laiti wangepata wa kuwaelekeza duka au mkulima, wangetulia. Mimi nalichukulia kuwa swali la dhamiri kwanza, la habari baadaye. Kabla ya kuuliza chakula safi kinapatikana wapi, inafaa mtu ajue anauliza kwa ajili ya nani. Nitajaribu kuonyesha kwamba anayeuliza kwa ajili ya tumbo lake peke yake ana haki kidogo ya kuuliza na nafasi ndogo zaidi ya kujibiwa ukweli, na kwamba mwenye haki ya kwanza katika swali hilo ni yule aliyebeba pampu mgongoni.

Tuchukulie nyanya hizo zimetoka Njukini. Si lazima, kabichi za Voi aghalabu hushuka kutoka milima ya Taita, na bidhaa nyingine huvuka mpaka pale Holili. Lakini Njukini inatufaa kwa sababu mtu wa mjini akiifikiria huona picha ya usafi wenyewe. Iko upande wa Taveta, chini ya Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Tanzania, katika ukanda mmoja na ziwa Chala. Huku mvua inayonyesha juu mlimani hupenya katika miamba ya volkano, ikaja kuibuka chini kama chemchemi. Nyika ya Tsavo haiko mbali, ila hapa kuna migomba, mahindi, maharage na nyanya za kumwagiliwa. Mandhari ya namna hiyo haimwambii mtu chochote kuhusu pampu. Penye maji ya mwaka mzima ndipo penye nyanya mwaka mzima, na penye nyanya mwaka mzima mdudu wake hakosi chakula hata msimu mmoja. Tangu yule nondo mdogo wa Amerika Kusini, ambaye wakulima wa upande wa Tanzania humwita kanitangaze, aingie Kenya mwaka wa 2014, mkulima anaweza kuliacha shamba likiwa zuri na akalirudia baada ya muda mfupi akakuta majani yamechimbwa vijia na matunda yametobolewa. Hapo ndipo mtu hukimbilia duka la pembejeo, na mwenye duka humuuzia kile alicho nacho.

Sasa turudi kwenye ile meza ya Voi. Kuna masimulizi mashuhuri katika Sahihi Muslim yanayomweleza Mtume Muhammad akipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye mali akaisingizia mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya hana uhusiano naye. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 25, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi, na nabii Amosi anawashutumu wanaopunguza kipimo na kuuza makapi. Tazama lakini ni makosa ya aina gani hayo. Umajimaji unaguswa, jiwe la mizani linapimwa kwa jiwe jingine. Mkono wa mnunuzi unatosha kuwa hakimu. Dawa iliyobaki katika nyanya haiguswi, hainuki, na mara nyingi haina ladha. Mwaka wa 1973 wachumi Michael Darby na Edi Karni waliziweka bidhaa za namna hii katika fungu la peke yake: zile ambazo mnunuzi hawezi kuujua ubora wake kwa kuzitazama, wala hata baada ya kuzitumia. Na kuna zaidi ya hapo. Mchuuzi naye hajui. Kreti imepita kwa dalali, kwa lori, kwa mnunuzi wa jumla, na anapoapa kwamba hazina dawa huenda asiwe anasema uongo; anatoa ushahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia.

Wanazuoni wa hadithi wangeitambua hali hii mara moja. Kwao maneno hayapokelewi peke yake, hupokelewa pamoja na sanadi: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kufika kwa mwenye kauli. Mlolongo ukikatika, riwaya huhesabiwa dhaifu hata kama maneno yake ni mazuri, na hata kama huenda ni ya kweli. Udhaifu wake hauna maana ya kwamba ni uongo. Maana yake ni kwamba hakuna mtu anayeweza kuulizwa. Nyanya ya Voi iko katika hali hiyohiyo. Yawezekana ni safi. Yawezekana ilipulizwa jana jioni. Hakuna jina hata moja katika njia yake yote linaloweza kuitwa likajibu.

Je, dini inamdai mnunuzi ausake mlolongo huo? Jibu la haraka, na lenye nguvu kuliko wanavyodhani wapenzi wa kilimo hai, ni hapana. Bukhari amepokea kwa Bi Aisha kwamba watu walimwendea Mtume wakamwambia wanaletewa nyama na jamaa walioingia Uislamu karibuni, nao hawajui kama jina la Mungu lilitajwa wakati wa kuchinja. Hakuwaamuru wafanye upelelezi. Aliwaambia walitaje jina wao wenyewe, wale. Paulo alikutana na tatizo lililo karibu sana na hilo huko Korintho, mji uliojengwa upya na Warumi mwaka wa 44 kabla ya Kristo na kujaa wahamiaji, mahali ambapo nyama ya sokoni iliweza kuwa imetoka madhabahuni pa miungu. Waumini wapya walihangaika. Katika mlango wa 10 wa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anawaruhusu kula chochote kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri, kwa hoja kwamba dunia na vilivyomo ni mali ya Bwana. Dini mbili, karne mbalimbali, na zote zinamwondolea mnunuzi mzigo wa uchunguzi. Ni rehema, na ni hekima pia: jamii ambayo kila mlaji ni mpelelezi haikaliki, na anayechunguza kila sahani huishia kuwadhania vibaya waliomkaribisha.

Anayeamini kwamba kula mboga zisizo na dawa ni sehemu ya ucha Mungu anapaswa kuyajibu maandiko hayo, na haitoshi kukimbilia aya ya 168 ya Surat al-Baqara inayowaamuru watu kula kilicho halali na kizuri. Mwenye kusoma upande mwingine atamwambia: uzuri wa chakula umeshahukumiwa kwa dhahiri yake, na kilichofichika hakuna aliyekukalifisha nacho. Mimi nadhani jibu limo ndani ya Paulo mwenyewe, mistari michache mbele. Anasema kwamba mtu akikuambia wazi kuwa nyama hii imetolewa sadaka kwa miungu, basi usile. Na anaongeza kwamba dhamiri anayoisema hapo si ya mlaji, ni ya yule aliyemwambia. Ruhusa, kwa hiyo, ina mipaka, na mipaka hiyo imechorwa na mtu mwingine. Kwa hofu ya mlaji juu ya nafsi yake, Paulo hana subira. Mle, anasema, mwache wasiwasi. Mara tu jambo linapomgusa wa pili aliyeko pale mezani, hesabu inabadilika yote. Na Aisha? Waliouliza walikuwa na hofu ya najisi itakayowaingia wao. Hakuna mtu mwingine aliyedhurika katika kisa kile. Kutumia rehema iliyotolewa kwa mwenye wasiwasi juu ya nafsi yake kama kibali cha kutojali madhara ya mwenzake ni kuipeleka mahali ambapo haikutumwa.

Mfano wa kihistoria ulionyooka zaidi niujuao ni wa sukari. Mwaka wa 1791, baada ya Bunge la Uingereza kuukataa mswada wa William Wilberforce wa kukomesha biashara ya watumwa, kijitabu cha William Fox kiliwataka watu waache sukari ya visiwa vya Karibi. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima kwa ajili ya harakati hizo, alikisia kwamba watu wapatao 300,000 waliiacha. Baadhi ya wenye maduka wakaanza kuuza sukari ya India na kutangaza kwamba haikutokana na kazi ya watumwa. Vijiko viwili vya sukari, kimoja cha Jamaica na kimoja cha Bengal, havikuwa na tofauti ulimini wala tumboni. Hakuna daktari ambaye angekuonyesha dhara la kimoja lisilokuwemo katika kingine. Tofauti ilikuwa kwenye mgongo wa mtu. Waliosusia walielewa kwamba kitu kinaweza kuwa kichafu bila kumchafua anayekila, na kwamba uchafu wa namna hiyo ndio hasa unaomhusu mtu mwenye dini, maana wa namna nyingine atauepuka kwa woga tu.

Ushahidi wa siku zetu unaelekea upande huohuo. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200 zinazolinganisha chakula cha kilimo hai na cha kawaida. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba cha kilimo hai kina lishe bora. Walichokuta ni kwamba hubeba mabaki ya dawa mara chache zaidi, ingawa hata kile kingine mara nyingi mabaki yake hayavuki kiwango kinachoruhusiwa. Faida ya mlaji, basi, ipo lakini ni ya kiasi. Mlinganishe sasa na mpulizaji. Yeye hashiki mabaki. Anashika dawa yenyewe, ikiwa bado nzito ndani ya chupa, anaipima kwa kifuniko, anaichanganya kwa kijiti, anajitwika mgongoni pampu ambayo mpira wake ukichakaa huvuja hadi kiunoni. Katika joto la Taveta barakoa na koti la mpira ni adhabu, hata pale vinapopatikana. Aghalabu ni kibarua wa kutwa, na maandishi ya kwenye chupa hayasomeki kwa udogo. Ripoti ya Wakfu wa Heinrich Böll ya mwaka wa 2023 ilikadiria kwamba asilimia 76 ya ujazo wa viuatilifu vilivyotumika Kenya mwaka wa 2020 vilikuwa na viambato vinavyoorodheshwa kuwa vya hatari kubwa, na kwamba sehemu yake kubwa ni vile ambavyo Ulaya imevipiga marufuku mashambani mwake. Pampu huoshwa penye maji. Maji ya upande huu yakiingia mto Lumi huteremka ziwa Jipe, hutoka kwa mto Ruvu, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu huko Tanzania. Njiani kuna wavuvi, ng'ombe na wanawake wenye madumu ambao hakuna anayewauliza wanapendelea mboga gani. Kanuni ya fiqhi inayokataza mtu kudhuru na kudhuriana haikuwekewa mipaka ya kaunti wala ya nchi.

Kuna pingamizi ambalo wapenzi wa asili hulikwepa, nami sioni sababu ya kulikwepa. Asili haina huruma. Mwaka wa 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, si mbali sana na Voi kwa njia ya Nairobi, sumukuvu iliwafanya watu 317 waliorekodiwa kuugua, na kuwaua 125 kati yao. Chanzo kilikuwa mahindi, mengi yake ya wakulima wenyewe, yaliyohifadhiwa majumbani yakiwa hayajakauka. Hakukuwa na kampuni ya kulaumiwa wala pampu. Ukungu ulifanya kazi yake bila msaada wa mtu. Yeyote anayefundisha kwamba kisichopulizwa dawa ni salama kwa hivyo tu anawadanganya watu, na udanganyifu wake unaweza kuua. Lakini pingamizi hili linaiangusha hoja ya usafi wa mlaji, lile dai kwamba neno kienyeji ni kinga ya mwili. Haligusi hoja kwamba mtu asiwekwe sumu mgongoni ili mwingine apate nyanya isiyo na doa. Kwa kweli linaisaidia, maana vifo vile navyo vilikuwa matokeo ya kukosa maghala, turubai za kuanikia na mtu wa kupima unyevu: yaani matokeo ya kutohesabiwa kwa mkulima.

Pingamizi zito zaidi ni la njaa. Mwezi wa Aprili 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na dawa za viwandani kwa mara moja. Mavuno ya mpunga yakaanguka, nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikaagiza mchele, na kufikia Novemba marufuku ililegezwa. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba mavuno ya kilimo hai huwa chini kwa asilimia 5 hadi 34, kutegemea zao na mazingira. Hizo si namba za kupuuzwa katika nchi ambayo viwavijeshi vamizi viliingia mwaka wa 2017 na kula mahindi ambayo tayari hayakutosha. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni hitimisho kwamba basi hakuna la kuuliza. Pengo hilo la mavuno ni gharama, na gharama lazima ibebwe na mtu. Hivi sasa, pale ambapo dawa inalifuta pengo, inabebwa na ngozi na mapafu ya kibarua. Wala si kweli kwamba mkulima hupuliza kwa ujinga. Taveta ina historia ndefu ya ardhi kumilikiwa kwa maelfu ya ekari, ya mashamba ya mkonge na ya watu kama mlowezi Ewart Grogan, ambaye kasri lake bado liko kilimani, huku wenyeji wengi wakilima kwa kukodi au wakiitwa maskwota penye makaburi ya babu zao. Samadi hulipa polepole. Sheria za Ulaya hutaka shamba la mazao ya msimu lingoje miaka 2 kabla ya mazao yake kuitwa ya kilimo hai. Mwenye kukodi ekari kwa msimu mmoja atairutubisha kwa ajili ya nani? Ukimwambia aache dawa bila kumwuliza hati ya ardhi anayo nani, umemhubiria mtu asiye na uwezo wa kutubu.

Wengine watasema haya yote yameshatatuliwa kwa nembo. Mwaka wa 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, pamoja na alama ya Kilimohai, na Kenya ina mtandao wa wakulima wa kilimo hai, KOAN, unaoisimamia kazi hiyo. Alama ina maana. Ni jina linaloweza kuulizwa. Lakini kumlipa mkaguzi ni ghali kwa mwenye robo ekari, na bidhaa zenye alama hukimbilia Nairobi penye mifuko minene. Kinachonivutia zaidi ni ule utaratibu wa udhamini shirikishi, ambamo wakulima wa kikundi hukaguana wao kwa wao na wanunuzi wanaweza kuhudhuria. Humo sanadi inarudi kuwa majina ya watu. Wenye shaka watasema jirani atamfichia jirani. Huenda, ingawa kijijini jirani ndiye anayejua pampu ililia usiku wa manane. Na kuna ushahidi kwamba kuulizwa hubadili mambo. Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya, baada ya kukuta mabaki ya dawa ya wadudu iitwayo dimethoeti, uliamua kupima asilimia 10 ya shehena za maharage mabichi na njegere kutoka Kenya. Sekta nzima ilitikisika: wauzaji wakafuatilia mashamba, wakaandika tarehe za kupuliza, wakawafundisha wakulima siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mkulima yuleyule wa Kenya, katika udongo uleule, aliweza kumpa mlaji wa Brussels mlolongo kamili. Kumbe haukuwa muujiza. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi wa Voi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya habari zinazohitajika, ila hakuna aliyewahi kulisimamisha lori la nyanya kwa ajili yake.

Hapa historia ya Taveta yenyewe ina neno. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilipoelekea bara katika karne ya 19, Taveta ilikuwa kituo chao cha kupumzika na kununua chakula kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Msafiri Joseph Thomson alipopita mwaka wa 1883 aliikuta ikijulikana kwa hilo, na migomba yake msituni kando ya Lumi. Mgeni wa zama hizo hakuwa na nembo wala mkaguzi. Kwa desturi iliyoenea katika njia za misafara, alitafuta undugu wa kuchanjiana na mwenyeji, kisha ndipo biashara ikaendelea chini ya jina la ndugu huyo. Sitaki kuipamba, misafara hiyo ilibeba bunduki, na mingine ilirudi na pembe na watu, na undugu uliofungwa mbele ya bunduki una kasoro zake. Lakini waliyaweka mambo kwa mpangilio ambao sisi tumeugeuza. Sisi tunataka chakula kinachoaminika bila mtu wa kuaminiana naye.

Kwa mhamiaji wa Voi hilo lina maana ya kawaida kabisa. Hawezi kuijua kila mboga, na hakuna haja. Achague moja au mbili anazokula sana, amuulize mama mboga anazitoa wapi na siku gani, awe mteja wake wa kudumu hata pale meza ya pili inapouza kwa shilingi tano pungufu, na polepole aombe kujua aliye nyuma yake. Taveta ni kilomita zipatazo 110 kwa lami, na soko lake la Jumatano na Jumamosi linawakutanisha watu wa pande zote mbili za mpaka. Mwenye gari au nauli anaweza kufika. Wataniambia kwamba hii ni starehe ya wenye mishahara. Ni kweli kwa sehemu, na ndiyo maana wajibu unawaangukia wao zaidi. Kibarua anayenunua fungu la nyanya za shilingi ishirini ameshafunguliwa na Paulo na kwa ile riwaya ya Bi Aisha; ale, ataje jina la Mungu, asiulizwe na mtu. Mwenye uwezo wa kuchagua ndiye asiyeweza kujificha nyuma ya ruhusa yake. Na ajichunguze pia katika matamanio: ni yeye anayeigeuza nyanya kuangalia kama ina doa, na kuiacha yenye kovu la mdudu, halafu akashangaa kwamba mkulima anapuliza mara kwa mara.

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Mhamiaji ameuliza, amemfikia mkulima wa Njukini, na mkulima, kwa kuwa sasa wanajuana, anamjibu ukweli: nilipuliza Jumatatu, nisingepuliza ningekosa ada ya watoto. Akizikataa nyanya hizo akaenda kununua kwa mchuuzi aliyeapa hazina dawa, amemwadhibu mkweli na kumlipa anayeapa bila kujua, na mwaka ujao kila mtu atakuwa anaapa. Akizinunua kana kwamba hakusikia, ameifanya ile habari kuwa kelele tu, ilhali Paulo alitaka neno la mwenzako likishatamkwa libadili unachofanya. Sioni njia nyingine iliyonyooka isipokuwa mnunuzi kugawana naye ile gharama: ayaagize hayohayo matunda, yavunwe siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa zikiisha, atoe nusu ya pesa leo, na kwa msimu unaofuata wakubaliane mapema juu ya matuta machache yasiyopulizwa, ambayo mnunuzi atayalipia hata kanitangaze akiyala yote.